Ndege Aliyeingia Mwenyewe

Kila aliyeniuliza njiani jioni ile nilimwambia naenda kuokota kuni. Waliniuliza watu watatu, na wote watatu niliwadanganya vizuri, hata mmoja akanielekeza mti mkavu ulioanguka nyuma ya shamba lake. Nikamshukuru. Kisha nikashika njia nyingine, mwanangu Anne mgongoni, nimemfunika kitenge mpaka kichwani ili mtu asimwone mdomo.

Mimi naitwa Victorine. Ni mtu wa kushuku, sifichi. Mtu akinisalimu mara mbili kwa siku najiuliza anataka nini. Mama yangu alikuwa akinicheka kwamba hata mvua ikinyesha nitauliza imetumwa na nani. Basi mjue tangu sasa kwamba anayewasimulia si mtu wa kudanganywa kirahisi. Nilichokiona nilikiona.

Mwaka ulikuwa 1954. Tulikaa Kindu, upande wa Mikelenge, mimi na mume wangu Onema. Yeye alikuwa mtia kuni kwenye gari moshi la Kongolo, kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa yangu na Anne tu. Anne alikuwa na miezi minane. Mtoto wa kucheka huyo! Ukimwonyesha hata kijiko, anacheka.

Asubuhi ya siku ile nilimpeleka kwa masista kupimwa uzito. Tulikuwa wanawake wengi kwenye benchi, kila mmoja na wake. Sista akamweka Anne kwenye mizani, akamtekenya, Anne akacheka mdomo wazi. Na yule sista, Mungu amsamehe, akapaza sauti kwa furaha:

"Aa! Anne iko na jino! Tazameni! Ya juu!"

Wanawake wa benchi nzima wakawavuta watoto wao kifuani.

Sista hakujua. Kwake yeye jino ni jino. Lakini katika ukoo wa mume wangu, mtoto anayetangulia kuota jino la juu ni kigego, na kigego, walisema, huwamaliza watu wake mmoja mmoja bila kuwagusa. Kigego hakai. Anavushwa mto. Shangazi yake anambeba, wanapanda mtumbwi jua likizama, na shangazi anarudi peke yake. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa imekataza mambo hayo zamani, kwa hiyo watu waliyafanya bila kusema, wakaeleza kwamba ilikuwa homa. Kaka mkubwa wa Onema alikuwa na mtoto aliyekufa kwa homa ya namna hiyo. Mama wa mtoto yule sijawahi kumsikia akimtaja jina.

Na siku nne mbele ilikuwa siku ya kuonyesha meno. Ukoo ule haukuonja mchele mpya kabla shangazi hajaingiza kidole, mbele ya wazee, katika mdomo wa kila mtoto aliyeanza kuota meno tangu mavuno yaliyopita. Shangazi wa Anne alikuwa Joséphine, dada mkubwa wa mume wangu, aliyekaa Alunguli ng'ambo ya mto. Mwanamke mrefu, mkavu, asiye na mzaha. Yeye ndiye aliyembeba yule mtoto wa homa.

Pale kwenye benchi, jirani yangu Clémentine akainuka. Akamchukua mtoto wake kabla hajapimwa, akaondoka bila kuniangalia.

Nikajua. Anakwenda kusema.

Sasa, mama yangu alitoka upande wa Pangi, na kwao jino la juu lilikuwa na dawa. Kuna ndege wa pembezoni mwa msitu, penye majimaji. Kichwa na kifua vyekundu, kwingine mweusi, na mdomo mnene kuliko unavyostahili mwili wake. Sisi tulimwita mpasuambegu. Anaishi ndani ya yale majani makali yanayokata miguu, anakula mbegu zake, na mbegu zenyewe ni ngumu kiasi kwamba wasichana huzitunga shingoni. Yeye anazipasua mara moja. Tak.

Dawa yenyewe ni nyepesi. Jua likizama, unamshika ndege akiwa hai, unasugua mdomo wake kwenye ufizi wa chini wa mtoto, unamwachia aende. Meno ya chini yanatoka mbio, yanalipita la juu, na hakuna atakayejua lipi lilianza. Jino la Anne lilikuwa ncha tu, nusu ya punje ya mchele. Nilikuwa na siku nne. Niliona zinatosha.

Ndege hao, Kindu nzima, aliwakamata mtu mmoja. Okito. Alikuwa mwanaume wa makamo, mfupi, mwenye kikohozi, aliyetega kwa ulimbo na kuwapelekea wazungu waliopenda kufuga ndege barazani. Nyumba yake ilikuwa mwisho kabisa wa njia, pale ambapo mashamba ya mpunga yanaisha na bwawa linaanza.

Nilifika huko jua limebaki kidogo. Harufu ya matope ilikuwa nzito, na nyingine chini yake, tamu, ya kitu kilichoanza kuoza. Majani marefu pande zote mbili. Hakukuwa na upepo hata kidogo.

Tak.

Nikasimama.

Tak... tak...

Ilitoka kulia kwangu, ndani ya majani. Nikasonga mbele, nayo ikasonga. Nikasimama, ikasimama. Nikajiambia ni ndege, nimekuja kutafuta ndege, basi kuna cha ajabu gani? Lakini saa ile ndege wote huwa wameshatulia viotani. Nikamvuta Anne juu mgongoni na kutembea upesi. Yeye alikuwa macho, anacheka peke yake ndani ya kitenge.

Okito alikuwa amesimama mlangoni kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Kwa kawaida alikuwa mtu wa utani, hawezi kukuona bila kukutania. Jioni ile hakutania.

"Mama Anne," alisema. "Unakuja na mutoto saa hii?"

"Karibu yangu iko wapi, Papa Okito?"

"Ingia. Unataka nini?"

"Nataka ile ndege ya mudomo munene. Ni ya dawa."

Aliutazama mgongo wangu. Hakuuliza dawa ya nini. Nikashuku hapo hapo. Mtu asiyeuliza ni mtu aliyekwisha kuambiwa.

Ndani kulikuwa na chumba kimoja, hakina dirisha, taa ndogo ya mafuta chini. Vikapu viwili vilining'inia kwenye boriti. Kimoja kilikuwa wazi. Cha pili kilifunikwa kitambaa. Okito akaingiza mkono katika kile kilicho wazi, akatoa ndege mwekundu mzuri, mwenye afya, akanipa.

"Huyu njo wako. Mupole sana."

Nikamgeuza kwenye mwanga. Ndege alikuwa ndiye, lakini mdomo ulikuwa mwembamba. Ule si mdomo wa kuvunja kitu. Na wakati huohuo, ndani ya kile kikapu kilichofunikwa, nikasikia:

Tak.

"Na ile?" nikauliza.

"Ile, hapana."

"Hapana kwa sababu gani?"

Akakohoa kwa muda. Kisha akashusha sauti, kana kwamba kikapu kilikuwa na masikio.

"Wako namna mbili, Mama. Baba mumoja, mama mumoja, kiota kimoja. Huyu anatoka na mudomo mudogo, mwenzake mudomo mukubwa. Mungu njo anajua. Wote ni ndege. Lakini ile..." Akakitazama kikapu. "Ile mi sikuinasa."

"Iko ndani ya kikapu yako."

"Iliingia yenyewe. Mi nilifungua kikapu asubuhi, nipanguse. Ikatoka ku majani, ikatembea chini sawa muntu, ikaingia. Ikakaa. Siku tatu sasa. Ninaipa mbegu, haikuli. Lakini kila asubuhi iko makapi chini."

"Inataka nini?"

"Inangoja."

Mtu mwingine angeondoka. Mimi nilianza kuhesabu sababu za mtu huyu kunidanganya. Macho yangu yakaenda kwenye kile kikapu. Ukingo wake ulisukwa kwa fito nyeusi, mistari miwili, na hivyo ndivyo alivyosuka Shangazi Joséphine. Nusu ya Alunguli walisuka hivyo, lakini hilo nililikumbuka baadaye. Wakati ule niliona jambo moja tu: Clémentine amesema, Joséphine amewahi hapa kabla yangu, na huyu Okito amepewa kazi ya kunipa ndege dhaifu, dawa isifanye kazi, mwanangu avushwe mto.

"Nani amekutuma unipe huyu mubovu?" nikamwuliza.

"Hakuna muntu."

"Ni Joséphine?"

"Mama Anne, mi sijui Joséphine ni nani. Kamata huyu mudogo. Nakuomba."

"Nataka ile."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sasa nikikumbuka, ninajua kwamba yale yalikuwa macho ya huruma. Siku ile niliyaona macho ya mtu aliyekamatwa na uongo wake. Nikamrudishia ndege wake, nikamwekea chini chumvi niliyomletea kama malipo, nikasimama mbele ya kikapu.

"Mukono yangu haitagusa," alisema. "Utatoa wee mwenyewe." Akaenda mlangoni, akasimama katikati ya mlango, akanipa mgongo.

Nikaondoa kitambaa.

Alikuwa mkubwa kuliko ndege yeyote wa aina yake niliyewahi kumwona. Mdomo ulikuwa wa rangi ya chuma, mpana chini, kama koleo. Juu na chini ya kila jicho kulikuwa na alama nyeupe, hivyo hata alipofumba ulidhani anakutazama. Nilipomshika hakupapatika. Alikuwa mzito. Alikuwa wa moto, moto wa mtu mwenye homa.

Nikaketi, ndege mkono mmoja, nikamshusha Anne mapajani kwa mwingine. Nikamfungua mdomo kwa kidole. Akacheka, alidhani ni mchezo. Nikausugua ule mdomo kwenye ufizi wa chini, kulia, kushoto, kulia. Nikasema maneno ya mama yangu: ya chini itangulie, ya juu ingoje.

Ndege akageuza kichwa. Taratibu.

Akaangalia juu, ndani ya kinywa cha mwanangu.

Tak.

Niliona punje nyeupe katikati ya mdomo wake. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Alimeza. Nikapiga kelele, nikaachia mikono, taa ikapigwa na bawa ikazimika. Nikasikia kitu kinapita usoni kwangu, chenye joto. Kisha kimya.

Anne hakulia.

"Papa Okito!" Nikapapasa gizani. "Imetoka?"

Alikuwa bado mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili. Nilimwona akigeuka, mweusi mbele ya anga lililobaki jekundu.

"Mama," alinong'ona, "mi niko hapa. Mi sikuona kintu kimetoka."

Tuliwasha taa. Tulitafuta kila pembe. Chumba kilikuwa kimoja, mlango mmoja. Ndege hakuwepo. Anne alikuwa amekaa sakafuni, wima, bila kushikwa na mtu, na hadi siku ile hakuwa amejua kukaa.

Njiani kurudi hakucheka. Nikajipa moyo kwamba amechoka.

Kulipopambazuka nilimfungua mdomo. La juu lilikuwa limekwenda, ufizi laini kama halikuwahi kuwepo. Na chini kulikuwa na meno mawili, meupe, yaliyopangana vizuri. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Mwanangu amepona, mwanangu havushwi. Na yule Joséphine atakuja na kidole chake kirefu na kurudi mikono mitupu!

Nikampa ziwa.

Aliliangalia. Akanitazama mimi. Kisha akageuza uso pembeni, kwa adabu, kama mgeni aliyekwisha kula kwingine.

Alifanya hivyo asubuhi, mchana na jioni. Siku ya pili maziwa yalikuwa yameanza kukauka. Lakini hakukonda. Hakulia. Alikaa kwenye mkeka akinifuata kwa macho nilikokwenda, na nilipomwonyesha kijiko alikitazama tu, kisha akanitazama mimi tena.

Siku ya tatu, mchana, jua kali hadi kuku wamejificha, nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta mchele. Anne alikuwa amelala ndani. Mtaa wote ulikuwa kimya.

Tak.

Ungo ukanitoka mkononi.

Tak... tak... tak...

Ilitoka ndani ya nyumba yangu. Niliingia kwa vidole vya miguu. Anne alikuwa amelala chali, macho amefumba. Mashavu yametulia. Lakini kuzunguka mkeka kulikuwa na makapi. Maganda ya mbegu ngumu za bwawani, yamepasuliwa katikati, nusu na nusu, safi kabisa. Nikainama kumwangalia usoni. Juu na chini ya macho yake ngozi ilikuwa imepauka, mstari mwembamba, mweupe.

Akatabasamu, macho yakiwa bado yamefumba.

Nilitoka mbio. Mnajua nilikwenda wapi? Kwa Clémentine. Kichwa changu kilikuwa bado kinamtafuta binadamu. Niliamini ni yeye anayetupa uchawi nyumbani kwangu. Nilimkuta anatwanga, nikamshika mkono, nikammwagia yote: umesema, umepeleka habari Alunguli, umetia makapi kwenye mkeka wa mtoto wangu.

Clémentine aliweka mchi chini. Akaangalia kama kuna mtu anayesikia.

"Mi sikusema kwa muntu," alisema polepole. "Nilitoka kule kwa masista kwa sababu machozi yalinikamata. Émilienne yangu, unamuona pale?"

Nilimwona. Binti yake wa kwanza, msichana wa miaka saba, anabeba maji.

"Yeye vilevile. Ya juu njo ilitangulia."

"Wee ulifanya nini?"

"Hakuna. Nilinyamaza. Kila shangazi yake akija, mutoto iko na homa, mutoto analala, mutoto anatapika. Wiki tatu. Ya chini ikatoka. Kwisha." Akanishika mkono. "Na wee umefanya nini, Mama Anne?"

Nikauvuta mkono wangu. Mungu wangu. Kunyamaza tu. Kumbe dawa yote ilikuwa kunyamaza, na rafiki niliyekuwa naye nilikuwa nimemfanya adui.

Siku ya nne Shangazi Joséphine alivuka mto. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa uwanjani, mchele mpya umepikwa, unatoa mvuke kwenye sinia, hakuna aliyeugusa. Onema alikuwa bado safarini. Nilimpa Joséphine mtoto. Sikujua tena ninaogopa nini: kwamba atachukuliwa, au kwamba hatachukuliwa.

Joséphine akanawa. Akamketisha Anne mapajani, akaingiza kidole cha shahada.

Alianza kama alivyoanza siku zote, haraka, kama mtu anayepima chumvi ya mchuzi. Halafu akasita. Kidole kikabaki humo. Jasho likamtoka kwenye paji. Wazee walisubiri. Inzi walitua kwenye mchele.

Hakupiga kelele. Alivuta mkono wake kidogo kidogo, kidole kizima, hakina hata mkwaruzo.

"Ya chini njo imetangulia," alisema kwa sauti kubwa. "Mutoto ni muzuri. Kuleni."

Wanawake wakapiga vigelegele. Watu wakausogelea mchele. Katika kelele zile Joséphine aliinama kunirudishia mtoto, midomo yake ikagusa sikio langu. Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyu miaka mitatu. Alikuwa anaogopa kuliko mimi.

"Hakuniuma," alinong'ona. "Alinikamata kidole. Mama Anne... mule ndani iko mukono."

Alirudi Alunguli bila kula. Hakuvuka mto tena kuja kwetu mpaka alipokufa, na hata kwenye mazishi yake familia yake iliomba mimi nije peke yangu, bila Anne.

Wiki ile ile nilirudi kwa Okito, saa ileile ya jioni, mtoto mgongoni. Safari hii sikudanganya mtu yeyote. Okito alinisikiliza akiwa mbali, upande wa pili wa uwanja wake.

"Wazee wa kwetu walisema hivi," alinijibu. "Jino ya mutoto ikiingia ku tumbo ya kintu, mutoto anafwata jino yake. Na mwenye kumeza anaingia ku nyumba yenye imebaki wazi. Walisema. Mi sikuona."

"Basi Anne wangu iko wapi?"

Akageuza kichwa kuelekea majani.

Nilishuka peke yangu hadi ukingoni mwa bwawa. Majani yalikata miguu yangu, sikuyasikia. Nikaita. Niliita jina la mwanangu nikiwa nimembeba mwanangu, na naomba msinicheke.

Ndege akatoka. Jike dogo, la rangi ya udongo, mdomo mwembamba. Akatua kwenye jani lililokuwa karibu na mkono wangu, likainama chini yake. Hakuogopa. Akanitazama, akatingisha kichwa kwa namna fulani, kama anayeona kitu cha kuchekesha.

Na maziwa yakanitoka.

Yalikuwa yamekauka siku tatu nzima. Yalitoka yenyewe, yakalowesha blauzi, yakashuka hadi tumboni, yakauma. Mwanamke aliyewahi kunyonyesha ananielewa. Ziwa halidanganywi.

Okito alikuwa nyuma yangu, amesimama mbali.

"Ukitaka," alisema, "acha huyu wa mugongo hapa ku majani. Mpaka asubuhi. Wao wenyewe watasikilizana. Kesho utakuja kubeba mwenye atabakia."

Mgongoni kwangu kitenge kikakazwa. Vidole vidogo vilikuwa vimeshika nguo yangu, vimeshika kwa nguvu zote, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile nikasikia sauti yake. Kilio. Kilio cha mtoto wa miezi minane anayeogopa giza.

Kilikuwa cha kweli? Sijui. Mimi ninayeshuku hadi mvua, siku ile nilisimama pale nikakataa kushuku. Ningemwacha mtoto bwawani usiku kucha kwa maneno ya mtega ndege? Basi ningekuwa na tofauti gani na shangazi kwenye mtumbwi wake? Na kama nimekosea? Kama huyu ndiye Anne, na yule ni ndege tu?

Niligeuka nikarudi nyumbani. Yule ndege mdogo alinifuata jani kwa jani hadi mwanzo wa mashamba, halafu akabaki.

Kiangazi hicho ilitoka amri ya kupanua mashamba ya mpunga. Moniteri wa kilimo, yule msimamizi wa mashamba wa serikali, alipita na daftari lake, na wanaume wa Mikelenge wakalichoma lile bwawa lililokauka. Onema alikuwa mmoja wao. Nilisimama barabarani na wanawake wengine, mtoto kiunoni. Moshi ulikuwa mweusi. Ndege walitoka wengi sana, lakini si wote. Ningeweza kupiga kelele, ningeweza kusema ngojeni kidogo. Wangeniuliza, kwa nini? Nikafunga mdomo, maziwa yakanitoka mara ya mwisho, na Anne alikuwa akiangalia moto bila kupepesa.

Amekuwa mtu mzima sasa. Ana watoto. Hakula ukoo wa mtu, baba yake alikufa kwa uzee, na mtaani wote wanamsifu kwamba ni mwenye kutunza mama yake kuliko wengine. Ni kweli. Mimi sina meno tena. Kila asubuhi ananiletea uji, na ananivunjia karanga moja moja kwa meno ya mbele, ananiwekea kwenye kisahani. Tak. Tak. Mimi nami kila asubuhi namwambia neno lilelile, kwa sauti, ili lisisahaulike kati yetu:

"Mi njo mama yako."

"Ndiyo, Mama," hujibu siku zote.

Kisa hiki sikuwahi kumsimulia mtu kabla ya leo. Clémentine hakuambiwa, Onema hakuambiwa, padri hakuambiwa. Okito alikufa kabla ya uhuru na alichojua amekwenda nacho. Wiki iliyopita Anne aliniletea uji, nikamwambia maneno yangu. Safari hii aliweka kisahani chini. Alichutama mbele yangu, akanipangusa kidevu kwa upole, akanitazama kwa yale macho yake.

"Najua, Mama," alisema. "Wee njo ulinichagua. Mara mbili."